Umoja wa Wenye Nyayo Bapa

Fundi Mto alikuwa ameibana raba ya mwisho katikati ya magoti, gundi bado mbichi kwenye kidole gumba, Redio alipofika mbio na taulo la kinyozi begani.

"Mmesikia?"

Redio ana kibanda chake cha kunyolea mlango wa pili, na wateja wake wamezoea kukaa na nusu ya nywele wakimsubiri amalize kusimulia. Muda huo alikuwa ameacha mmoja kitini, povu shavuni.

"Juzi ulituambia wataanza kuuza hewa kwa mita," alisema Mkurugenzi bila kufungua macho. "Nimekaa nasubiri mita."

"Hii ni ya kweli. Kesho pale shuleni watoto wanavalishwa viatu vya umeme."

Afande, aliyekuwa amelala upande wa pili wa benchi, akakaa. Usiku yeye ni mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi; mchana hulinda benchi la fundi lisiondoke. "Viatu vya umeme? Kwa watoto?"

"Umeme mtupu! Mtoto akikanyaga, kiatu kinatoa ripoti. Kinasema huyu unyayo wake mzima, huyu unyayo wake bapa kama wa bata. Ukionekana bapa, jina lako linapelekwa mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele tu. Mambo kama hayo hayapelekwagi nyuma."

"Na hicho kiatu kinajuaje?" aliuliza Mkurugenzi, sasa macho yote mawili wazi. Huyu hajawahi kuongoza ofisi yoyote wala kuingia katika moja kwa kazi, lakini koti lake halivui hata siku ya jua kali, na mfukoni ana kalamu aliyoiazima asiirudishe hadi ikaisha wino. "Mguu ni siri ya mtu. Mimi mguu wangu sijamwonyesha hata mama mkwe."

"Mama mkwe ameuona, ulipokuwa unamkimbia," alisema Afande.

Fundi Mto hakunyanyua kichwa. Aliendelea kubonyeza ukingo wa soli kwa kidole, polepole, kuzunguka kisigino hadi ncha ya vidole. Viatu vyenyewe vilikuwa mapajani mwake, na vingine vimepangwa kwenye rafu nyuma yake, kuanzia vya watoto wadogo hadi jozi mbili za watu wazima. Kila kimoja kina soli ya ndani nyembamba kama ganda la kitunguu, na waya mwembamba ukichungulia kwenye kisigino.

"Fundi, mbona kimya?" Redio akasogea. "Na hizo nyaya ni za nini?"

"Ni kazi ya binti yangu."

Benchi zima likageuka.

"Ndivyo hivyo viatu?" Redio alirudi nyuma hatua moja. "Umekaa na umeme mapajani, nasi tunakunywa chai hapa?"

"Havina umeme wa kumpiga mtu. Binti anasema ni nguvu ya betri ya simu tu."

Binti yake anafanya kazi kliniki, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Mashine kubwa ya kupima nyayo iko hospitali ya mbali, kwa bei yake mtu anaweza kujenga nyumba na akabaki na ya rangi. Kwa hiyo binti alikaa miezi na mafundi simu, akaunganisha soli zake mwenyewe: tabaka la karatasi nyeusi inayohisi uzito, nyaya, na kisanduku kidogo kinachoongea na simu. Uzito ukikaa mahali, simu inaonyesha rangi nyekundu. Pasipo uzito ni buluu. Mtoto mwenye uvungu wa unyayo anaacha buluu katikati. Mwenye unyayo bapa anajaza nyekundu.

Mwalimu mkuu amempa asubuhi moja tu. Amesema anaogopa wazazi, na amesema pia kwamba vitu vya kuchezea vina mahali pake. Vikifanya kazi kesho mbele ya kamati ya wazazi, watoto wa shule nzima watapimwa. Visipofanya kazi, asirudi tena na masanduku yake.

Na katika mafundi wote, binti alileta viatu kwa baba yake. Alisema, "Soli zangu zilaze tu ndani ya kiatu, baba, ubandike pembeni." Tangu asubuhi Fundi Mto hajapokea kazi ya mtu mwingine. Mwanamke mmoja alileta kiatu kilichopasuka, akamwambia arudi wiki ijayo, kitu ambacho hajawahi kumwambia mteja tangu aanze kushona.

"Chai inakuja?" Mkurugenzi alipaza sauti kuelekea jikoni ng'ambo ya njia. "Taratibu! Tutazeeka!"

Yule mama wa chai alitokea mlangoni na sinia. Hapo kijiweni hawana jina jingine kwake zaidi ya Taratibu. Anavuka njia kama anayehesabu mawe, akiegemea mguu huu, kisha huu.

"Dada, ungepanda kobe ungefika," alisema Redio.

"Chai ni ya moto," alijibu Taratibu, kama anavyojibu siku zote, akaweka sinia na kurudi.

Binti alifika wakati vikombe vimeshafika nusu. Begani mfuko, mkononi kisanduku.

"Shikamooni."

"Marahaba, Daktari!" waliitika pamoja.

"Mimi si daktari, baba mdogo. Nimewaambia."

"Utakuwa," alisema Redio. "Sisi tunatangulia tu. Sasa tupime!"

"Vya watoto hivi."

"Na zile kubwa?"

"Zile ni za walimu na wazazi, wakitaka kuona." Alimtazama baba yake, baba yake akatikisa kichwa kwamba kazi imekwisha. Binti akatabasamu. "Haya. Si vibaya nikajaribu leo kabla ya kesho. Nani anaanza?"

Walirushiana heshima kama watu wanaosukumana mlangoni. Mwishowe Mkurugenzi alivua viatu vyake, akavuta soksi yenye dirisha kidoleni, akavaa jozi moja ya raba kubwa, na binti akachomeka waya.

"Simama. Tembea hadi kwenye nguzo, urudi."

Mkurugenzi alitembea kama anayekagua gwaride. Simu ilipotulia, wote walibanana vichwa juu yake. Nyayo mbili zilionekana. Kisigino chekundu, vidole vyekundu, na katikati, mahali pa buluu, pamewaka nyekundu.

"Hii nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hii..." binti alisita. "Inaonyesha katikati kunabeba uzito. Huenda ni unyayo bapa. Lakini hiki ni kipimo cha awali tu, mjomba, si hukumu. Unaumwa miguu?"

"Sana!"

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema."

Afande alivaa. Nyekundu katikati. Redio akavaa. Nyekundu katikati.

Hapo kijiwe kilibadilika. Badala ya huzuni, uliingia uchangamfu ambao Fundi Mto hakuwahi kuuona hata siku timu yao iliposhinda.

"Mnaona sasa!" Afande alikuwa amesimama, mkono kifuani. "Jeshini walinikataa. Miaka yote nawaambia ni fitina. Kumbe ni nyayo!"

"Mwaka jana ulisema ni wivu wa kamanda," alisema Redio.

"Kamanda aliziona nyayo zangu, akaona wivu."

"Mimi," Mkurugenzi alijifunika koti vizuri, "watu wamekuwa wakisema sitafuti kazi. Mke wangu anasema. Shemeji zangu wanasema. Mtu bapa atatafutaje kazi? Kazi inatafutwa kwa miguu!"

"Na mimi harusini," alisema Redio. "Nilimkanyaga bibi harusi mbele ya kamera. Mke wangu mwenyewe! Ananikumbusha hadi leo. Leo narudi nyumbani na ushahidi. Daktari, unaweza kunipigia picha hiyo?"

"Baba mdogo, subiri kwanza."

"Tusisubiri. Watu wenye shida moja wanaungana. Napendekeza umoja."

"Umoja wa Wenye Nyayo Bapa," alisema Mkurugenzi papo hapo, kama aliyelala nao kichwani miaka mingi. "Mimi mwenyekiti, kwa kuwa niligunduliwa wa kwanza. Redio katibu. Afande ulinzi na usalama."

"Madai?"

"Dai la kwanza: mwanachama asitumwe sokoni."

"Wala dukani!"

"Asiambiwe simama wakati amekaa."

"Asiambiwe kaa vizuri wakati amelala," aliongeza Afande.

Binti hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama juu ya simu, akirudisha picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Watatu kwa watatu," alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe. "Inawezekana. Lakini zinafanana mno. Nilipojijaribu kliniki ilisoma sawa." Alizima kisanduku, akakiwasha. Akamvalisha Mkurugenzi tena. Nyekundu.

Fundi Mto alisogea akatazama kutoka nyuma ya bega la binti. Alitazama picha moja, kisha nyingine. Ile nyekundu ya katikati ilikuwa na umbo. Upande mmoja mnyoofu, upande mwingine umepinda, na mwisho wake umekatwa kidogo mshazari. Nusu mwezi. Katika nyayo zote, nusu mwezi uleule.

Aliujua ule mshazari. Kisu chake kina pengo karibu na ncha, na kila kinapomaliza kukata mpira kinaacha mshazari huo. Ameukata nusu mwezi huo maisha yake yote. Hakuna kiatu kinachotoka kwenye kibanda hiki bila kipande cha mpira laini chini ya uvungu wa unyayo, hata kama mteja kakileta kishonwe kifungo tu. Hatozi chochote. Watu huvaa, hutembea hatua mbili, kisha hugeuka na kutabasamu bila kujua kwa nini. Ndiyo maana wanamwita Mto.

Kila raba ile kwenye rafu, kubwa kwa ndogo, ilikuwa na mto wake.

Alifikiri: ninaweza kuitoa kimya kimya mwanangu akiondoka. Akawa anafikiri hivyo bado, binti aliposimama na simu sikioni.

"Unampigia nani?"

"Mwalimu mkuu, baba. Afadhali niahirishe mwenyewe kuliko niaibike mbele ya wazazi. Nimekosea mahali fulani. Pengine karatasi ile imechoka, pengine ni mimi." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Alisema ni vitu vya kuchezea. Labda..."

"Kata simu."

"Baba, inaita."

"Kata, mwanangu. Hujakosea. Mto."

"Mto gani?"

Fundi Mto alichukua raba kubwa, akaingiza kisu kwa uangalifu chini ya soli nyembamba, akainua ukingo. Kipande cha mpira kikachomoza kama ulimi.

Binti alikata simu. Alikitazama kile kipande, akamtazama baba yake.

"Nilikuambia zilaze tu."

"Nililaza."

"Na hiki?"

"Niliiona imelala juu ya ubao mtupu wa kiatu." Fundi Mto alikuna shingo kwa mkono wenye gundi. "Nikaihurumia."

"Uliihurumia soli?"

"Na watoto watakaokanyaga. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipogundua nilikuwa nimemaliza jozi zote, nikaona, kwani mto umemdhuru nani?"

Mabega ya binti yakaanza kutikisika, na Fundi Mto alidhani analia, hadi alipocheka kwa sauti akaketi juu ya kasha la viatu. "Mpira unasukuma juu! Katikati! Baba, umewapa mtaa mzima nyayo bapa!"

"Ngoja, ngoja," Mkurugenzi alinyanyua mkono. "Unasema mimi si bapa?"

"Bado sijui, mjomba. Tupime upya bila mto."

"Nani kaomba kupimwa upya? Mwenyekiti hajaitisha kikao!"

"Fundi, mrudishie mpira wake alale," Afande alisihi. "Mtu ameishi na ugonjwa wake vizuri, unamnyang'anya?"

"Umeishi nao tangu chai ilipoletwa," alisema Fundi Mto.

"Na nimeuzoea!"

Walipimwa kwa nguvu ya aibu. Fundi Mto alibandua mpira kwenye jozi zile mbili kubwa, na Mkurugenzi akatembea hadi kwenye nguzo kama anayepelekwa mahakamani. Kisigino chekundu. Vidole vyekundu. Katikati, buluu safi kama anga.

"Hongera, mjomba. Nyayo zako nzuri sana."

"Usiseme kwa sauti," alinong'ona Mkurugenzi. "Mke wangu anapita njia hii."

Afande: buluu. "Basi ilikuwa fitina," alisema, akarudi kwenye benchi. Redio: buluu kuliko wote, na akaomba kimya kimya ile picha ya kwanza isifutwe.

Taratibu alikuwa amevuka njia kuja kuchukua vikombe. Alisimama pembeni, sinia kiunoni, akisubiri wampe nafasi.

"Mpime na huyu," alisema Redio, "umoja usife leo leo."

"Mimi nina kazi," alisema Taratibu.

"Dakika tu, mama," alisema binti. "Kaa hapa nikufunge kamba."

Taratibu aliketi kwenye kigoda cha fundi. Afande alikuja kusema baadaye kwamba ndipo alipogundua hajawahi kumwona amekaa. Alivaa ile jozi ya pili, akaenda hadi kwenye nguzo, akarudi. Safari hii hakuna aliyesema kuhusu kobe, maana wote walikuwa wanatazama simu.

Hapakuwa na nusu mwezi. Unyayo mzima ulijaa, toka kisigino hadi vidole, ukingo wa ndani ukiwaka kuliko kote. Miguu yote miwili. Fundi Mto alichukua raba, akaingiza kidole chini ya soli kuhakikisha. Hapakuwa na kitu. Ubao mtupu.

Binti alimrudisha tena hadi kwenye nguzo. Picha ikaja ileile.

"Mama, miguu inakuuma?"

"Kama ya watu wote."

"Inaanza saa ngapi?"

"Ikifika mchana. Hapa kwa ndani, kwenye kifundo. Jioni inapanda hadi magotini." Alisema bila kulalamika, kama anayeeleza jiko lake. "Tangu msichana. Nilidhani ya kila mtu inauma, ila wengine hawasemi."

Mteja wa Redio alichungulia kutoka mlango wa pili, povu likiwa limekauka shavuni, akaona nyuso zao, akarudi ndani.

"Wengi wana nyayo hizi na hawaumwi popote, hao hatuwasumbui," alisema binti. "Wewe unaumwa. Njoo kliniki Jumanne nikuangalie kwa mikono na macho, kisanduku hiki hakitoshi. Yapo mazoezi. Na viko vitu vya kuegemeza unyayo ndani ya kiatu."

Fundi Mto alikohoa. "Kama... mto?"

Binti alimtazama. "Kama mto, baba. Kwa huyu utafaa. Ila baada ya kupimwa, na kwa kipimo nitakachokupa mimi."

"Kwa kipimo chako," alisema Fundi Mto upesi.

Mkurugenzi alikuwa anaangalia chini, akigeuzageuza kalamu yake. Kisha akasimama, akavuta koti, akaweka sauti ya kikao.

"Kwa kuwa umoja huu ni wa wenye nyayo bapa, na kwa kuwa uchunguzi umeonyesha mwanachama ni mmoja tu, najiuzulu. Mwenyekiti ni huyu dada."

"Naunga mkono," alisema katibu, naye akajiuzulu.

"Madai yalikwisha kupitishwa?" aliuliza Taratibu, aliyekuwa amewasikia wote toka jikoni.

"Yalipita yote."

"Lipi lile la mtu aliyekaa?"

"Asiambiwe simama," alisema Afande kwa sauti ndogo.

"Basi mimi nimekaa." Taratibu alivuta kasha la viatu, akapandisha miguu yote miwili juu yake, akamnyooshea Afande sinia. "Birika liko jikoni. Vikombe vioshwe kwanza."

Afande alikwenda. Fundi Mto alikuwa ameshachukua raba ndogo kabisa kwenye rafu na kuingiza kisu, lakini jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa na nyaya hazikuonekana vizuri. Binti akamshika mkono.

"Kwa mwanga huu utakata waya. Wazazi wanakuja saa nne. Tuanze alfajiri, wewe unabandua, mimi napima kimoja kimoja."

"Huogopi mkono wangu utakwenda wenyewe?"

"Nitakaa pembeni yake."

Fundi Mto alifuta kisu, akafunika viatu kwa gunia, vyote bado na mito yake tumboni isipokuwa zile jozi mbili. Mipira aliyobandua hakuitupa. Miwili aliitia mfuko wa shati, akaukandamiza mfuko.

Ng'ambo ya njia Afande alitokea mlangoni na sinia iliyojaa, macho yamekaza kwenye vikombe, akitanguliza mguu mmoja, akingoja, kisha wa pili.

"Afande!" Redio alipaza sauti. "Tutazeeka hapa!"

"Mwacheni," alisema Taratibu kutoka kitini. "Chai ni ya moto."